Aliyesahau Kusindikiza Maji

Kaka yangu ana bega moja lililoshuka. Watu wanaompigia kura hawalijui hilo, kwa sababu mimi ndiye ninayemshonea makoti, na kuficha ni nusu ya kazi ya fundi cherehani. Upande wa kushoto ndio aliokuwa akibebea jembe asubuhi na gunia jioni tangu ndevu hazijaota, kwa hiyo upande huo naweka sponji mbili, upande wa pili moja. Akisimama jukwaani na kuitwa mheshimiwa diwani, mabega yake yamelingana kabisa. Wanaopiga makofi wanampigia yeye, lakini angalau makofi mawili ni ya sponji zangu.

Sisemi haya kumdharau. Ni kaka yangu mkubwa, tumenyonya ziwa moja, na nikimtania ni haki yangu. Mtu wa nje akimsema vibaya mbele yangu namchoma sindano kwa bahati mbaya wakati wa kumpima kiuno.

Baba alituachia shamba mkiani. Mkiani ni mwisho wa mfereji. Maji yanatoka mtoni kule juu, penye banio, yaani kizuizi kinachoyageuzia mferejini, yanapita mashamba ya watu wote, kila mtu ananywesha vitunguu vyake na mahindi yake, na yakifika kwetu yamekonda. Baba alikuwa mtu wa kungoja. Alikaa kwenye tuta, akauangalia mfereji mkavu, akasema, "Yatakuja." Kaka hakurithi hata chembe ya hiyo subira. Mama alisema mtoto huyu alizaliwa anadai, akanyonya anadai, na akianza kutembea atakwenda kudai kwa jirani. Ndivyo ilivyokuwa. Wenye mashamba ya juu walikuwa wakimsikia kabla hawajamwona, anapanda kando ya mfereji akipiga kelele, "Nani amekalia maji yetu?"

Kwenye mfereji wetu kuna desturi moja, na usipoielewa hutaelewa maisha ya kaka. Maji hayaachwi yaende peke yake. Zamu yako ikiisha, unaziba mdomo wa shamba lako kwa udongo na magunia ya mchanga, halafu unatembea na maji, hatua kwa hatua, hadi kwa jirani anayefuata. Tunaita kusindikiza maji. Njiani kuna matundu ya fuko, kuna kingo zilizobomoka, kuna wajanja. Ukifika unasimama pale mpaka maji yaingie kwenye jaruba la mwenzako, kile kipande kilichozungushiwa tuta, naye aseme, "Nimepokea." Kabla hajasema, maji yakipotea ni lawama yako. Akishasema ni shauri yake. Asiposema, huondoki. Nimeona watu walionuniana mpaka hawasalimiani msibani, lakini neno hilo walipeana, tena wakitazamana usoni.

Kwa desturi hiyo hiyo kaka alipata mke. Wakati huo shamba lililotangulia letu lilikuwa la baba yake wifi, na binti ndiye aliyekuwa akituletea maji. Msichana mrefu, mkavu wa maneno, anatembea na maji kama anayempeleka mtoto mtukutu shule. Siku moja alifika, maji yakaingia, akangoja neno. Kaka kimya. Jaruba likajaa. Kaka anaangalia mawingu.

"Wewe kaka, shamba lako linazama," binti akasema. "Sema nimepokea, niende nikapike."

"Nikisema utaondoka," kaka akajibu.

Mimi nilikuwa pale napalilia, nikacheka mpaka nikakata mche. Vitunguu vya jaruba lile vilioza vyote. Baba alikasirika wiki nzima, kisha akaenda kuposa.

Wifi alipoingia kwetu, nyumba ilipata utaratibu. Kaka ana mdomo, wifi ana akili ya kesho. Kila msimu anaotesha miche kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba, na kila msimu anaotesha mingi kuliko shamba linavyohitaji. Ukimuuliza ya nini, anasema, "Ya asiyejulikana." Tulizoea kumcheka. Wamelea watoto wao kwa vitunguu, wakaezeka nyumba kwa vitunguu, na nyumba hiyo mpaka leo inanukia vitunguu hata kwenye mito ya kulalia.

Uongozi ulimjia kaka kwa njia ya kuchosha watu. Kiangazi kimoja mvua zilikataa, na watu wa juu wakawa wananywesha, wanarudia, wananywesha tena, huku mkiani tunatazama nyufa. Vijana wa chini walishika mapanga. Kaka akawazuia, akapanda juu peke yake, akakaa kwenye kibaraza cha mwenye shamba la kwanza na kuanza kuongea. Aliongea mpaka kikao kikaitishwa ili tu anyamaze. Pendekezo lake lilikuwa jepesi: msimu huu zamu ianzie juu, msimu ujao ianzie mkiani, na mwenyekiti wa mfereji, awe nani awe, anyweshe wa mwisho kila mara.

"Na nani atakubali uenyekiti wa namna hiyo?" wakamuuliza.

"Mimi nimeshazoea kuwa wa mwisho," akasema.

Wakampa. Kuanzia hapo mtu akija kulalamika, jibu lake lilikuwa moja: "Zamu yako itafika." Basi wakamwita Zamu, na jina la kuzaliwa likabaki kwa mama na serikali. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye tunamwita Bibi wa Mkiani kwa sababu shamba lake, lile aliloliuziwa na baba yake wifi, na letu ndiyo yanayofunga mfereji, ndiye pekee aliyekataa kumwita hivyo. Alisema jina la utani ni la mtu aliyekwisha kukua.

Kutoka mfereji hadi siasa alisukumwa na benchi. Banio letu lilikuwa la mawe na matawi, kila mafuriko linakwenda na maji, na kila mara tunajenga upya. Kaka akaenda ofisi ya kata kuomba msaada. Diwani wa wakati huo alikuwa mwenye duka la mbolea, mtu mzuri tu, lakini anayependa kuongea kuliko redio. Kaka akaambiwa angoje kwenye benchi, diwani ana mkutano. Akangoja. Akarudi kesho yake, akangoja. Siku ya tatu akachungulia dirishani, akamkuta diwani anamweleza karani habari za jino lake lililong'olewa, na karani anasinzia.

Jioni hiyo alipita dukani kwangu. "Mdogo wangu," akasema, "kiazi kikikaa sana mahali kinachipua. Mimi nimekaa kwenye lile benchi mpaka nimechipua. Nipime koti."

"Koti la nini?"

"La udiwani."

Nikampima. Nikamuuliza kama mkewe anajua. Akakohoa. Nikazungusha futi shingoni mwake nikaibana kidogo, nikamwambia aende akamwambie kwanza.

Wifi hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Aliniambia mwenyewe baadaye, tukichambua maharage kibarazani kwake. Alichoogopa si kushindwa kwa mumewe. Alichoogopa ni kushinda. "Wifi, nimewaona wanavyochukuliwa," aliniambia. "Leo mkutano, kesho semina, keshokutwa anarudi nyumbani kama mgeni, anauliza chumvi inakaa wapi. Mimi sikuolewa na mkutano. Nikimpoteza huyu, nitabaki na suti tu."

Kwa hiyo alimpa sharti moja. Bibi wa Mkiani alikwisha kuwa mzee, magoti hayamkubali, na siku ya zamu yake kaka ndiye aliyekuwa akimzibia mdomo wa shamba na kuyasindikiza maji kwa niaba yake mpaka kwetu, ambako wifi alipokea. Wifi akasema, kazi hiyo ni yako, uwe diwani usiwe diwani. Siku hiyo usitume mtu. "Siku maji yakinijia bila wewe, nitajua nimeachika," akamwambia, "hata kama bado unalala hapa."

Kaka akaapa. Akagombea.

Kampeni zake zilikuwa kichekesho. Alizoea kuita watu kuvuka mashamba, kwa hiyo alipopewa kipaza sauti alikipasua, na fundi wa vyombo akaenda polepole akamnyang'anya. Hakuhitaji. Mpinzani wake, yule mwenye duka la mbolea, alimkejeli: "Zamu yako itafika, sawa, lakini mwaka gani?" Watu wakacheka, kaka akacheka kuliko wote, halafu wakampigia kura.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwanzoni barazani alikuwa hajui asimame lini wala akae lini. Diwani mwenzake akimaliza kuongea, kaka alisema kwa sauti, "Nimepokea," kama yuko mferejini. Wakamcheka. Lakini baada ya muda nikasikia hata mwenyekiti wa baraza anasema hivyo hivyo, maana kumbe ilikuwa inasaidia, mtu akijua amesikika anakaa chini.

Ofisi aliyopewa ni chumba chenye meza ya mguu mmoja mbovu, umeegemezwa kwa kipande cha tofali, na dirisha linalotazama baiskeli zilizopangwa ukutani. Lile benchi la nje aliliondoa. Akaweka viti ndani, akasema anayengoja angoje akimwona. Watu walimletea kila kitu: mbuzi aliyekula shuka la jirani, mume aliyeondoka na godoro, mpaka uliosogea wenyewe. Nyuma ya mlango aliegemeza jembe. Wageni kutoka mjini walidhani ni pambo, wakalisifu. Lilikuwa jembe tu. Akitoka ofisini alipitia shambani.

Na sharti la wifi alilishika. Nimemwona akitoka mkutanoni katikati ya hotuba ya mtu, anasema, "Samahani, nina maji." Wengine walidhani ni ugonjwa wa kibofu.

Mwishoni mwa kipindi chake cha kwanza, banio likapatikana. Alilipigania mpaka likapatikana, siwezi kumnyima hilo: banio la zege, lenye mlango wa chuma unaofunguliwa kwa gurudumu. Mhandisi aliyelisimamia alikuwa dada mmoja mwenye buti kubwa, hana maneno mengi, anagonga zege kwa kijiti na kusikiliza. Siku ya uzinduzi alimvuta kaka pembeni. Nilikuwa karibu, narekebisha kola yake, nikasikia kila neno.

"Mheshimiwa, leo robo mzunguko tu," akasema. "Kingo za chini bado hazijakaza. Na nimepita huko, wamepandikiza miche juzi."

"Mwanangu," kaka akasema, akimpiga bega kidogo, "mimi nimezaliwa mferejini."

Nilitamani kumchoma sindano. Lakini hata mimi siku ile nilikuwa nimejaa furaha kama wenzangu, koti jipya lilikuwa limemkaa vizuri, nikanyamaza.

Palikuwa na viti vyenye vitambaa, ngoma, wapiga picha. Msemaji wa kwanza alimwita baba wa maji. Wa pili akamwita mto unaotembea. Walimvika kilemba cha ukoka mpaka nikaona shingo inanyooka na lile bega la kushoto linapanda bila msaada wangu. Akashika gurudumu. Robo: makofi. Nusu: vigelegele. Mpiga picha akasema, "Kidogo tena, mheshimiwa, maji yaonekane!" Kaka akazungusha. Akazungusha mpaka gurudumu likakataa lenyewe. Maji yakaruka kwa kishindo, watu wakashangilia, akashikwa mkono, akaingizwa kwenye gari, tukapelekwa kula kwenye ukumbi wa shule.

Hakuna aliyetembea na maji. Mhandisi alikimbilia gurudumu, lakini ngoma na umati vilikuwa vimejaa kwenye kidaraja cha banio, na alipofika alikuwa amekwisha kuchelewa.

Kaka alikuwa anachukua kipande cha pili cha kuku mlango wa ukumbi ulipofunguliwa. Bibi wa Mkiani akaingia. Tope lilikuwa limemfika magotini, na pindo la nguo amelikunja limebeba kitu. Alipita katikati ya meza zote, polepole kwa ajili ya yale magoti. Akafika mbele ya kaka, akamwaga miche ya vitunguu iliyong'oka juu ya kitambaa cheupe.

"Maji yako yamefika," akasema. "Hayakuwa na mtu."

Akageuka akaondoka. Kaka akaacha sahani yake mezani. Akatoka nyuma yake, nami nikamfuata mpaka mkiani.

Mashamba yote ya chini yalikuwa yamefagiliwa. Kingo zimebomoka, matuta yamelala, miche imejikusanya kwenye kona kama takataka. Letu pia. Tulimkuta wifi katikati ya shamba na koleo, anachota mchanga kutoka mahali palipokuwa na jaruba la kwanza. Hakuinua kichwa. Kaka akasema, "Mke wangu." Wifi akaendelea kuchota. Kaka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na koti langu, na akabaki hapo.

Uchaguzi mwingine ulikuwa karibu. Mwenye duka la mbolea hakuhitaji kampeni. Alisimama mlangoni pa duka lake na kuwaambia wapita njia, "Mliomba maji, si mmepewa?" Dukani kwangu wateja walinong'ona wakidhani mlio wa cherehani unawaficha. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema, na huyu ameyamwaga yote.

Lakini kaka hakuwa anawaza uchaguzi, naapa. Aliwaza lile sharti. "Nimemwacha," aliniambia. "Nilimwapia sitamwacha, nikamwacha kwa ajili ya kuku."

Wifi alikaa siku nzima bila kumsemesha. Asubuhi ya pili alimwekea chai, akasimama mlangoni akiangalia nje.

"Kitalu changu kina miche ya akiba," akasema. "Chukua yote. Anza na Bibi."

"Na shamba letu?"

"Letu lina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa anakula kuku."

Kutoa ni moyo, na moyo wa wifi una ukali wake. Kaka akang'oa miche, akaifunga kwa majani mabichi, akashuka. Mimi nikafunga duka nikaenda kumsaidia, kwa sababu hasira zangu na damu yangu vinakaa nyumba moja. Tulikwenda shamba kwa shamba. Tulichonga matuta upya, tukapandikiza, mche mmoja mmoja, magoti chini. Kuna waliomtukana, naye akasema, "Nimepokea." Kuna mmoja aliyekaa kivulini akamwangalia diwani wake akipanda, naye akawa anamwelekeza kwa mguu. Vikao vya baraza vilimpita. Mhandisi akaja na buti zake, hakusema, "Nilikuambia," akashika jembe kwenye kingo. Kaka akamwomba radhi mbele ya mafundi aliokuja nao, na tangu hapo akimwita mwanangu anamsikiliza kwanza.

Bibi wa Mkiani alikagua mistari yake kwa fimbo. "Imepinda." Kaka akang'oa, akapanda tena. "Huku napo." Akang'oa tena. Mwishowe bibi akakaa kwenye tuta, akashusha pumzi.

"Miche nimepokea," akasema. "Wewe bado nakuangalia."

Akiba ya wifi iliisha kabla hatujafika kwetu, kama alivyojua itaisha. Msimu ule wote shamba la diwani lilikaa tupu. Mtu yeyote aliyepita njia ya mkiani aliliona, udongo mtupu katikati ya kijani cha majirani. Wifi hakuotesha hata mboga. Wakaishi kwa posho ya udiwani na kwa mahindi ya mwaka uliopita, na nyumba kwa mara ya kwanza haikunukia vitunguu.

Wifi alimpikia, alimfulia, walizungumza habari za watoto. Lakini nilikuwa nikiwatembelea na naona: hakumtania. Wale watu wawili maisha yao yote wameishi kwa kutaniana, na sasa walikuwa wanaambiana asante na samahani kama wapangaji. Iliniuma kweli.

Kwenye mkutano wa kampeni kaka alisimama bila kusifiwa na mtu. "Niligeuza lile gurudumu kwa ajili ya makofi," akasema. "Mliopoteza miche mnajua. Sina zaidi."

Mwenye duka la mbolea akadakia kutoka chini, "Na safari hii tukikupigia makofi, utageuza nini?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kaka naye akacheka, kisha akasema, "Msinipigie." Na kweli hawakumpigia. Aliteremka kimya kimya, na nilidhani mambo yamekwisha.

Alishinda, lakini kwa kusukumwa. Usoni pa watu waliotoka kupiga kura nilisoma kuwa wengi walikuwa wamempa huku wamekunja midomo. Nilimuuliza wifi yeye alimpa nani.

"Kura ni siri, wifi," akasema, akaendelea kumwagilia kitalu. Maana alikuwa ameotesha tena, na mingi.

Siku ya kuapishwa iligongana na siku ya zamu ya Bibi, ya kwanza tangu wifi apandikize msimu mpya. Kaka aliapa akiwa amevaa suti niliyoikeshea, kitambaa cha bei ambacho sitakitaja nisije nikalia. Baada ya kiapo palikuwa na chakula na wageni wakubwa kuliko wa banio. Akamwendea dereva wa baraza akamwomba ampeleke nyumbani mara moja. Nikaingia nyuma, kwa usalama wa suti.

Gari likasimama barabarani juu ya mashamba. Kaka akavua viatu, akakunja suruali, akashuka kwa Bibi. Akaziba mdomo wa shamba lake kwa magunia na udongo, akakanyagia vizuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo mapajani.

"Zamu," akamwambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Nenda nayo polepole."

Akatembea na maji. Nilimfuata nyuma nikimwona anainama kila penye tundu, anashindilia kwa kisigino, anasimama, anayangoja yamfikie, anaendelea. Mwili wote ulikuwa umesahau udiwani. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka chini kabisa, sponji zangu zote hazikufua dafu.

Wifi alikuwa amesimama kichwani mwa jaruba la kwanza, kidevu juu ya mpini wa jembe. Maji yakaingia. Yakapita katikati ya miche taratibu, bila kuinamisha hata mmoja. Kaka akasimama wima kama mwanafunzi, akangoja neno.

Wifi kimya.

Huko juu dereva akapiga honi. Chakula kilikuwa kinapoa na wageni wanauliza. Maji yakafika nusu ya tuta. Nilianza kuogopa, nikidhani ndiyo hukumu yenyewe, kwamba amemngoja msimu mzima ili amwache asimame hapo mbele yangu.

"Mama watoto," kaka akasema. "Sema basi."

Kimya. Honi tena.

"Shamba linazama, mke wangu. Sema nimepokea, niende, wananingoja."

Wifi akaangalia mawingu. Nikaona mdomo unamcheza, kisha bega, kisha akashindwa kujizuia, akacheka kile kicheko ambacho nyumba ile ilikikosa tangu siku ya banio.

"Nikisema utaondoka," akasema.

Kaka akacheka naye. Halafu akageuka kuelekea barabarani, akainua mikono yote miwili, na kwa ile sauti yake ya kuvuka mashamba akamwambia dereva aende akawaambie wageni waanze kula. Akakaa chini kwenye tuta bichi, na suti yangu, akanyoosha miguu ndani ya maji. Wifi akafungua mdomo wa jaruba la pili kwa jembe, akaja akakaa karibu naye.

Nami nililia pale pale, nasema wazi, kwa furaha na kwa ajili ya kitambaa. Ile suruali nimeifua kwa kila sabuni ninayoijua. Haijatakata mpaka leo, naye hataki nimshonee nyingine.